Ndege za Mwisho Kwenda Chilendu

Keki ya kuziaga ndege ilikatwa kwa mara ya tatu, na kesho yake asubuhi ndege zikaruka kama kawaida.

Meja Salwa Bushiri alisimama nje ya ofisi yake ya muda, Ipagala mjini Dodoma, akazitazama zikipotea upande wa Mpwapwa, zimejaa unga, maharage na mafuta ya kula. Hakuletwa hapo kuzirusha. Hiyo ilikuwa kazi ya wengine. Yeye aliletwa kuzisimamisha. Tangu masika yaporomoshe mlima na kuifunga barabara ya Chilendu, mji mzima ulikuwa unalishwa na jeshi kutoka angani, na wakubwa walitaka mpango wa kumaliza zoezi taratibu, bila mtu kulala njaa.

Mpango aliuandika. Shida ni kwamba kila alipozipunguza ndege, ziliongezeka. Ilihitajika ndege ya kupeleka wakaguzi wa kuangalia kama ndege bado zinahitajika. Ikahitajika nyingine ya kuwapelekea wakaguzi mahema. Na wakaguzi nao walikuwa wanakula.

Kwenye kikao, mkuu wake, Kanali Stanley, alipiga meza. "Ndege zitasimama barabara ikifunguka. Sasa injinia, barabara lini?"

Injinia Daudi, mtu wa barabara, alikoroga chai yake. "Sisi tuko tayari, afande. Tunawasubiri nyinyi tu."

"Na sisi tunawasubiri nyinyi!"

"Basi tuko pamoja," alisema Daudi, na wajumbe wote wakaafiki. Kikao kikafungwa kwa sala.

Lakini kilichomkosesha Salwa usingizi hakikuwa kikao. Mama yake, Bi Mgeni, alikwenda Chilendu kumtazama mjukuu aliyezaliwa na Yusra, mdogo wake Salwa, akanasa huko huko. Dawa zake za presha zilimfikia kwa ndege, ila mwenyewe hakutaka hata kusikia habari ya kurudi kwa ndege hizo.

"Shikamoo, mama," Salwa alisema kwenye simu. "Nimekuwekea nafasi kwenye ndege ya kesho."

"Marahaba. Ndege ya magunia? Mimi si kiroba, Salwa. Nitarudi kwa gari, kama nilivyokuja."

"Gari halipiti, mama."

"Litapita wapi? Askari wenu hawataki hata tukanyage barabara. Jana wamewafukuza mbuzi wa jirani kwa filimbi. Mbuzi, mwanangu!" Kisha sauti ikashuka. "Kifua kinabana. Daktari wa hapa anataka nikapimwe Dodoma."

Salwa hakuaga mtu. Alichukua gari la ofisi, akaendesha mwenyewe. Kama mlima umelala barabarani, alijiambia, nitaupanda kwa miguu na mama nitambeba mgongoni.

Alipita Kibakwe, akaanza kupandisha. Kila kona aliyoikata alitarajia matope na mawe. Kila kona alikuta lami. Mahali pamoja kilima kilikuwa na kovu jekundu, na chini yake ukuta mpya wa mawe na mtaro safi uliofagiliwa. Akadhani maporomoko yenyewe yako mbele zaidi.

Mbele zaidi palikuwa na foleni ya malori. Yamejaa mahindi, vitunguu, soda. Madereva walikuwa wamelala chini ya matela, na wengine walishaanika nguo. Kichwani mwa foleni palifungwa kamba, nyuma ya kamba alisimama askari, na nyuma ya askari barabara ilinyooka, pana na tupu, mpaka kwenye mapaa ya Chilendu.

Askari huyo, Sajenti Mazengo, alipiga saluti.

"Maporomoko yako wapi, Sajenti?"

"Yalishaondolewa, afande. Zamani."

"Basi fungua nipite. Mama yangu mgonjwa yuko pale."

"Haiwezekani, afande."

"Malori yote haya yamebeba chakula!"

"Ndiyo, afande. Na watu pale hawana chakula. Ndiyo maana hapa hatufanyi mchezo."

Salwa aliishika kamba aifungue. Sajenti akamuwahi, akamkamata mkono, jambo ambalo sajenti hamfanyii meja, akamvuta mpaka mtaroni. Madereva walikuwa wamekwisha kulala kifudifudi, kwa mazoea. Maturubai yakapiga makofi, vumbi likafunika kila kitu, na ndege ya mizigo ya jeshi ikapita juu ya vichwa vyao, ikagusa lami juu ya mstari mweupe, ikakimbia kuelekea mjini.

Sajenti alimsaidia kuinuka. Akamwokotea kofia, akaikung'uta kwa heshima zote.

"Unisamehe, afande. Lakini hii barabara tukiifungua, ndege za chakula zitatua wapi?"