Kivuli Nilichokatazwa Kukisema

Nimepiga picha za eksirei miaka ishirini na mbili, lakini siku hizi sheria inawaruhusu kuzisoma wataalamu wa kujitolea kutoka ng'ambo tu. Nikimdokeza mgonjwa, nafungwa. Jumatatu nilimpiga picha mume wangu, nikaona kivuli pafuni, kikubwa kama ngumi. Wa kuisoma ni Hanne, mtaalamu wa ng'ambo aliyewahi kuja hapa hospitalini kujitolea miezi miwili, na kukitambua kivuli cha pafu nilimfundisha mimi! Sasa yuko likizo mpaka mwezi ujao, na bila jibu lake hakuna dawa. Upuuzi mtupu!

“Umeona nini, Mama Tusa?” mume wangu aliniuliza nyumbani.

“Tusubiri majibu.”

Jioni nikampikia pilau. Akaitazama sahani, akaisogeza pembeni taratibu.

“Pilau, na si sikukuu?” akasema. “Basi majibu nimeshayapata.”