Gari Jeupe

Merle Yarran alikataa kuanza kusoma mpaka darasa la kwanza lifike.

Mkutubi alimweleza kwamba basi la shule huchelewa siku za baridi, na kwamba watoto wa chekechea walikwisha kuchoka kukaa kwenye zulia. Merle akasema atasubiri. Kitabu alichokitunga, cha picha kubwa na maneno machache, kilikuwa mapajani mwake, naye amekifunika kwa viganja vyote viwili kana kwamba kuna mtu angekuja kukinyakua.

"Shangazi, unawatesa watoto wa watu," alinong'ona Raelene, binti wa kaka yake, aliyemwendesha kwa gari tangu alfajiri kuvuka mashamba ya ngano. "Na umeniahidi. Unasoma, unasaini vitabu, tunaondoka. Hakuna kingine."

"Nilikusikia ulivyosema jana. Sijawa kiziwi."

"Kiziwi hujawa. Mbishi ndiyo."

Raelene hakuipenda safari hii. Maktaba za jiji la Perth zilikuwa zimemwalika Merle, akazikataa zote. Huku, kwenye mji wa maghala ya nafaka na malori ya kondoo, hakuna aliyemwalika. Aliomba mwenyewe, akaomba tena, mpaka wakamkubalia.

Darasa la kwanza likaingia likipuliza mikono. Mwalimu wao, Bi Prowse, alikuwa mwanamke mwema, mwepesi wa kutabasamu, na kifuani alikuwa amebandika beji ya bendera ya Waaborijini, nyeusi, nyekundu na njano. Aliwakalisha, akasimama mbele yao.

"Zamani," alisema, "serikali iliwachukua watoto wa Waaborijini kutoka kwa mama zao na bibi zao, ikawapeleka kulelewa na watu wengine. Leo tuna bahati. Tutamsikia mtu ambaye mambo hayo yalimfika mwenyewe."

Macho ya Merle yalikuwa yakipita juu ya vichwa vidogo, kimoja baada ya kingine. Yaliposimama, akafungua kitabu.

Kwenye picha ya kwanza, mtoto amepanda mgongoni mwa bibi yake wakati bibi anaanika nguo. Kwenye iliyofuata walikuwa wakila mchuzi wa mkia wa kangaruu, na mtoto amejipaka mpaka masikioni. Watoto walicheka. Merle alisoma polepole, kwa sauti ya mtu anayebembeleza, na alipofika mahali bibi anapomwita mjukuu wake kwa Kinoongar, lugha ya watu wake, aliyasema maneno hayo kama yalivyo, bila kuyatafsiri.

Msichana mmoja wa darasa la kwanza, mwenye nywele zilizokatwa fupi na sweta lililomzidi, akaanza kusogea. Alitambaa kwa magoti, akiwapita wenzake kidogo kidogo, mpaka bega lake likagusa mguu wa Merle.

"Tilly, rudi nyuma," alisema Bi Prowse. "Mwache Bibi apate nafasi."

"Hanisumbui," alisema Merle. "Mwache tu."

Raelene, aliyekuwa amesimama ukutani, aligeuza uso akatazama nje dirishani.

Merle akafunua ukurasa. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba, milango yake miwili imeachwa wazi.

"Hiyo Toyota," alisema mvulana mmoja kwa sauti ya kujua mambo. "Tena mpya. Babu yangu anayo kama hiyo."

"Babu yako ana trekta tu, Declan," mwenzake akamjibu, zulia zima likacheka.

"Mchoraji amechora gari la siku hizi ili ninyi mwelewe," alieleza Bi Prowse. "Enzi zile yalikuwa malori."

"Nilimwambia achore nilichokiona," alisema Merle, akaendelea kusoma.

Mwanamke wa serikali anamfunga mtoto mkanda, anamwambia watarudi baada ya muda mfupi. Mtoto amebandika kiganja kwenye kioo cha nyuma. Picha ya mwisho haikuwa na maneno: lango lililo wazi, barabara, na vumbi ambalo halijatulia. Merle aliishikilia mbele ya watoto kwa muda mrefu, mpaka mkutubi akakohoa.

Bi Prowse alijifuta machozi. "Asante sana, Bibi Merle. Tushukuru kwamba nyakati hizo zimepita. Kuna mwenye swali?"

Declan alinyoosha mkono. "Huyo mtoto alirudi nyumbani?"

"Bado," alisema Merle.

Bi Prowse akacheka kwa upole. "Declan, mtoto huyo ndiye Bibi Merle. Si unamwona amekaa hapa mbele yako?"

"Hapana, mwalimu. Mimi sikuchukuliwa. Mimi ndiye niliyebaki langoni."

Declan alikuwa bado na mkono juu.

"Sasa ana miaka mingapi?"

Merle hakumtazama. Mkono wake ulitoka kwenye kitabu, ukasita hewani juu ya nywele zile fupi, kisha ukarudi mapajani bila kugusa kitu.

"Jumapili anatimiza saba," alisema.

Msichana aliyekuwa mguuni pake akainua uso.

"Hata mimi."