Mdomo wa Bomba

Jino la pili lilipotoka, Léonce alikuwa bado hajasema.

Mlango wa chuma wa stoo, chini ya nyumba, ulikuwa umezishinda risasi. Ndani walijificha mkewe, Christa, na watoto wao wawili. Jana, huko kwao Musaga, Christa alimwona Honoré akimkata jirani kwa panga. Leo Honoré alikuwa ameyafuata macho yaliyomwona, yeye na wenzake watatu.

Alimgeuza Léonce kwa kiatu. "Weye fundi, ile hewa ya baridi inaingiaka wapi mule?"

Wenye jumba hilo la mtaa wa Kinindo walishakimbia vita, wakamwachia Léonce funguo. Ndiye aliyefukia bomba pana la saruji chini ya bustani, hewa ipite ardhini na kupoa kabla ya kufika stoo na vyumbani. Alilifukia mara mbili. Mara ya kwanza lilikaa tambarare, jasho lake likatuama ndani na kunuka. Akalifukua lote, akalilaza upya kwa mteremko ili maji yajitokee yenyewe.

"Apana, Honoré. Mule muko batoto."

"Najua. Leta mukono."

Kidole kimoja kilianguka kwenye majani. Panga lilipogusa cha pili, Léonce alinyoosha mkono mzima kuelekea chini kabisa mwa bustani, upande wa ziwa. Huko kulikuwa na shimo la matofali, na ukutani mwake mdomo mweusi wa bomba, ukidondosha maji ingawa mvua ilikatika tangu Mei.

"We bwana gani?" mmoja alicheka. "Unauzisha bibi yako juu ya kidole?"

Léonce aliomba kitu kimoja tu: wamwache alale kifudifudi palepale juu, asione. Wakamwacha.

Wote wanne walishuka shimoni, wakabanana mdomoni mwa bomba ili wasikie. Sauti ya mtoto ilitoka gizani, ikimwita mama.

Honoré alichomoa pini, akalirusha guruneti kwa nguvu zake zote. Likapanda likigonga saruji, ngo, ngo, ngo, kila mlio mbali zaidi.

Wakatega masikio.

Ngo. Ngo, ngo. Karibu. Karibu zaidi.