Vitz na Alto kwenye mteremko wa Bagira

Eulalie alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari lao, Toyota Vitz, wakishuka kwenda hospitali, uchungu wa kuzaa umemkolea, mumewe alipofunga breki ghafla. Mbele yao, katikati ya mteremko mwembamba, Suzuki Alto ya shemeji yake, ndugu wa mumewe, ilikuwa inapanda. Ndugu hao hawakuwa wamesemeshana tangu Pasaka.

"Rudisha inyuma," mumewe alisema kupitia dirisha. "Ile Suzuki yako iko kadogo."

"Wewe si unasemaka kila siku Toyota iko na nguvu ya kupanda? Basi panda nayo inyuma."

"Bibi yangu anazala."

"Wangu alizala ku Pasaka. Haukukuya hata kumuona."

Mumewe akazima injini, akakunja mikono. Ndugu yake naye akazima.

Eulalie akafungua mlango. Matope yakamfika vifundoni. Akapita katikati ya zile bampa mbili, akaegemeza kiganja kwenye boneti yenye joto, akangoja maumivu yapungue. Kisha akaingia ndani ya Alto.

"Shemeki, rudisha inyuma," akasema. "Mpaka hopitali."

Shemeji akawasha injini, bila kumtazama ndugu yake.