Fisi Apanga Kilima

Zamani, wanyama walipojenga mji wao, Fisi alipewa kazi ya kupanga ardhi. Akalitamani pango la Nungunungu, mjane mwenye watoto wachanga, akamwendea.

"Mama, kilima hiki si makazi tena. Ni eneo la soko, na haruhusiwi mtu kulala hapa. Hama leo."

Watoto wakamng'ang'ania Nungunungu. Akajikaza. "Nitahama, mheshimiwa. Ila itangaze amri hiyo mbele ya wote, wasije wakasema nimefukuzwa kwa wizi."

Fisi akatangaza kwa majivuno. Nungunungu akajibanza na wanawe kichakani, na Fisi akaingia pangoni kulala.

Alfajiri ardhi ilitikisika. Tembo na Nyati walifika na mizigo yao, wakaanza kupanga bidhaa juu ya pango. Udongo ukamporomokea Fisi, akatoka mbio.

"Ondokeni, hapa watu wanalala."

"Nani analala sokoni?" Tembo aliuliza, akimsogelea taratibu.

Fisi akarudi nyuma. "Basi, nimebadilisha. Pawe makazi kama zamani."

"Makazi ya nani?"

Fisi akatazama huku na huku, akakosa pa kupita. "Ya Nungunungu," akasema kwa sauti ndogo.

Nungunungu hakungoja kuambiwa tena. Aliwasukuma wanawe pangoni, akakaa mlangoni miiba imemsimama, mpaka Fisi alipotokomea.