Mkutano wa Kusafisha Chemchemi

Chemchemi ilichafuka hadi wanyama wakakosa maji ya kunywa. Kiboko, mkuu wa serikali, aliyeoga humo kila siku, akasema, "Hii ni kazi ya serikali."

Ngiri, mfanyabiashara aliyechimbua mizizi ya kuuza humo humo, akacheka. "Serikali mnajua posho tu. Nipeni mimi tenda."

Wakapanda mlimani kubishana wiki nzima. Huku nyuma hakuna aliyeyavuruga maji, na tope likazama lenyewe.

Waliporudi, waliona hadi changarawe za chini.

"Serikali imetekeleza!" akanguruma Kiboko.

"Kampuni yangu hiyo!" akadai Ngiri.

Wakajitosa majini wote wawili kuizindua chemchemi.

Kobe, aliyekuwa ameinama anywe, akajipangusa tope usoni.

"Waheshimiwa," akasema kwa adabu, "mkutano wenu ulitusaidia sana. Hamwezi kuuendeleza?"