Kiuno cha Mama Louise

Noëlla alisubiri mama yake ageuke kufuata chumvi, akasukuma chakula chake, bukari na sombe, ndani ya mfuko wa sachet, sachet ndani ya mkoba. Mama alipogeuka, sahani ilikuwa tupu.

"Umemaliza mbio!" Mama Louise akasema. "Njo maana haupunguke."

Akatupa jicho ukutani, na Noëlla naye akatupa lake, maana sebule ile haikuwa na kitu kingine cha kuangalia. Robe ya ndoa ya mama, gauni jeupe la lasi, ilining'inia pale tangu mwaka jana, siku Mechack alipokuja kumposa Noëlla. Kabla ya hapo ililala imekunjwa ndani ya valizi ya safari. Kiuno chake, jamani! Kingeifaa chupa ya soda.

"Mi niliolewa na ile," Mama Louise aliwaambia wageni, fundi wa umeme, hata padri. "Mutoto yangu akiwa kweli mutoto yangu, ataingia."

Picha za ndoa? Zililiwa na mchwa. Mchwa wa Kolwezi nao wana adabu yao: walimaliza albamu nzima, robe hawakuigusa.

Basi miezi minane Noëlla alikula kwa macho. Aliyenenepa ni mbwa wa jirani. Juzi Noëlla alianguka kwa njaa kwenye foleni ya maji, na alipozinduka alilia, si kwa maumivu, kwa aibu. Alitaka kitu kimoja tu: mama amwangalie, hata mara moja, vile anavyoiangalia ile robe.

Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi, mama alikwenda kanisani. Noëlla akaikunja robe, akaibeba kwa siri hadi kwa Mama Myriam, mshonaji wa sokoni. Akaivaa. Zipu ikagoma katikati ya mgongo.

"Mama Myriam, tafazali, ongeza sentimita tatu. Lakini mama yangu asijue. Nitakufa na haya."

Mama Myriam hakuchukua hata utepe wa kupimia. Aliinama chini ya cherehani, akatoa sachet ya vipande vya kitambaa cheupe, na lasi ileile ya robe pembeni.

"Tatu ya nini? Hapa iko makumi mbili. Nilizikata mi mwenyewe, mwaka jana. Nikamuuliza mama yako: 'Sasa Mama Louise, nani ataingia mu hii?' Akanijibu: 'Haiko ya kuvala. Iko ya kuonyesha.'"